Pamba na Nyimbo

Majira ya baridi ya mwaka 1987 yalinikuta Chicago, mwalimu niliyekwisha vuka umri wa kuitwa mwanafunzi lakini niliyepelekwa kusoma tena. Jioni moja mwenzangu wa bwenini alishindwa kwenda kwenye onyesho la muziki alilokwisha kulilipia, akanipa tikiti yake. Nilipanda ngazi mpaka roshani ya juu kabisa, mahali ambapo wapigaji huonekana wadogo kama siafu waliojipanga, nikaketi kando ya mzee mmoja wa Kizungu mwenye koti zito. Usiku ule ilipigwa Simfoni ya Tisa ya Antonín Dvořák, ile waiitayo Kutoka Ulimwengu Mpya.

Katika sehemu yake ya pili okestra hupoa, kisha zumari moja nene hutoa sauti ya upweke, taratibu, kama mtu anayejiimbia mwenyewe njiani wakati jua linazama. Sisi watu wa pwani hatuna ugeni na zumari wala fidla, lakini sikuwa nimepata kusikia chombo kimoja kikitawala ukumbi mzima kwa upole namna ile. Mzee wa kando yangu alitoa leso akajifuta. Onyesho lilipokwisha alinigeukia, akanitazama rangi yangu, akaniambia kwa wema kabisa: "Ule ni wimbo wenu, bwana. Dvořák aliuokota mashambani akaufanya muziki."

Nilisema ahsante. Sikuwa na jibu jingine.

Maneno yale yalikuwa na makosa mawili. La kwanza ni dogo, na watu wengi hulifanya. Wimbo ule si wa Weusi. Aliutunga Dvořák mwenyewe. Karibu miaka 30 baada ya simfoni kupigwa, yaani mwaka 1922, mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake, William Arms Fisher, aliutilia maneno ya mtu anayetamani kurudi kwao, ukaimbwa na kuimbwa mpaka watu wakaamini kwamba ulitoka vinywani mwa watumwa. Kosa la pili ndilo kubwa, nalo limo katika maneno mawili ya mwisho: akaufanya muziki. Maana yake kabla ya hapo haukuwa muziki. Ulikuwa nini basi? Kelele? Malighafi?

Nimekuwa nikibishana na mzee yule moyoni tangu usiku ule, naye bila shaka amekwisha kufa zamani. Ninayoandika hapa ni jibu lililochelewa.

Nianze na haki ya Dvořák, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa yeye hakuwa mnyonge. Alizaliwa kijijini Bohemia, mtoto wa mwuza nyama. Alifika New York Septemba 1892 kwa mwaliko wa Bi Jeannette Thurber, mke wa mfanyabiashara wa vyakula, aliyekuwa ameanzisha chuo cha taifa cha muziki mwaka 1885. Mshahara aliopewa ulikuwa dola 15,000 kwa mwaka, mara nyingi kupita aliokuwa akiupata Prague. Chuo kile kilikuwa ajabu ya zama zile: kilipokea wanawake, kilipokea Weusi, na asiyekuwa na karo aliweza kusamehewa.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo kijana Mweusi kutoka mji wa Erie, Pennsylvania, jina lake Harry Burleigh. Babu yake, Hamilton Waters, alikuwa mtumwa aliyejikomboa kwa fedha yake mwenyewe, na macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu. Kazi ya mzee huyo ilikuwa kuwasha taa za barabarani. Burleigh utotoni alifuatana naye jioni, mjukuu akiwa macho ya babu, na babu akiimba nyimbo alizotoka nazo utumwani. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya muziki wa okestra wa Marekani niijuayo mimi, nayo haikuwa na paa. Kule New York Burleigh alimnakilia Dvořák karatasi zake za muziki, na akamwimbia nyimbo zile za babu nyumbani kwake. Mei 1893 Dvořák aliliambia gazeti la New York Herald kwamba muziki wa baadaye wa nchi ile hauna budi kujengwa juu ya nyimbo za Weusi. Tarehe 16 Desemba mwaka huohuo simfoni yake ikapigwa Carnegie Hall.

Msomaji aone mambo yalivyopangika. Mgeni anakaa miezi minane, anasema jambo ambalo mzee wa taa za Erie angeweza kulisema bila kulipwa hata senti moja, na jambo hilo linakuwa habari ya gazeti. Simlaumu mgeni. Alisema kweli, na aliisema mahali ambapo kweli ile haikupendwa. Nawalaumu waliongoja isemwe na mgeni.

Wakubwa wa muziki wa Boston walihamaki. Edward MacDowell, aliyesomea Ulaya, hakutaka kuelekezwa na mtu wa nje namna ya kuwa Mmarekani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akichota nyimbo za wenyeji wa asili wa nchi ile, wale waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, kutoka katika kitabu cha mtaalamu kilichotolewa mwaka 1882, akazitungia mfuatano wa vipande vitano vya okestra. Okestra ya Boston iliupiga kwa mara ya kwanza Januari 1896. Sasa tuhesabu miaka. Kanuni za serikali zilizopiga marufuku ngoma za ibada za makabila yale zilitoka mwaka 1883. Mauaji ya Wounded Knee, ambako wanajeshi waliwapiga risasi Walakota pamoja na wake zao na watoto wao, yalitokea Desemba 1890, na kilichowatia wakubwa hofu hata wakaleta jeshi kilikuwa ngoma. Ngoma tu. Haikupita miaka sita, vilio vya makabila yale vikawa vinapigiwa makofi ukumbini. Mwenye ngoma akicheza anakamatwa. Anayeiga ngoma yake anapewa shada la maua.

Namheshimu zaidi Amy Beach, mwanamke wa Boston aliyejifundisha mwenyewe kupanga sauti za okestra kwa kusoma vitabu. Yeye alimjibu Dvořák kwa hoja. Alisema watu wa kaskazini kama yeye walilelewa kwa nyimbo za Kiingereza, za Kiskoti na za Kiairishi, basi na wachote huko. Kisha akatenda alilosema: simfoni yake ya Kigaeli, iliyopigwa Oktoba 1896, imejengwa juu ya nyimbo za Waairishi. Hao Waairishi nao, Boston ya siku zile iliwajua zaidi kama vijakazi na wachimba mitaro. Bi Beach angalau hakujidai kwamba anawatengenezea kitu kilichokuwa kibovu.

Wamarekani hupenda kusema kwamba nchi yao ni chungu kimoja kilichoyeyusha mataifa yote. Katika vijitabu vinavyogawiwa mlangoni mwa maonyesho utakuta neno jingine, la upole zaidi: athari. Kipande hiki kina athari za jazi. Kile kina athari za nyimbo za kiroho. Athari! Kama moshi wa jiko la jirani unaoingia dirishani pasipo mtu kuuita. Mimi sikatai kwamba chungu kipo. Nakubali hata kwamba kilichomo ni kitamu. Ninachouliza ni nani alikuwa jikoni, na karamu ilipoiva alikaa wapi.

Tazameni wenyewe. Louis Moreau Gottschalk alizaliwa mwaka 1829 New Orleans, mji ambao watumwa walikusanyika siku za Jumapili katika uwanja ulioitwa Congo Square kupiga na kucheza ngoma zao. Alipotunga simfoni yake visiwani Karibi mwaka 1859, aliitia ndani yake ngoma za Weusi wa Cuba, zaidi ya miaka 30 kabla Dvořák hajashuka melini. (Midundo ile ya Cuba tunaijua sisi. Ndiyo iliyovuka bahari kurudi Kongo na Afrika Mashariki ndani ya santuri za miaka ya 1930 na 1940, na bendi zetu za dansi zikaipokea kama mtoto aliyepotea.) Charles Ives, mtoto wa kiongozi wa bendi ya matarumbeta wa mji mdogo wa Danbury, alizijaza simfoni zake nyimbo za kanisani na za gwaride, akaishi kwa kuuza bima, akangoja. Simfoni yake ya Pili haikupigwa mpaka mwaka 1951, naye ni Mzungu mwenye fedha. George Gershwin, ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama Urusi, alipata jina kubwa tarehe 12 Februari 1924 kwa kipande cha piano na bendi kilichojaa bluzi. Aliyempangia sauti za vyombo ni Ferde Grofé, na hilo husahauliwa. Walimu wake wa kweli walikuwa wapiga piano Weusi wa Harlem, kama James P. Johnson. Johnson naye alitunga simfoni, ya Harlem, mwaka 1932. Nani kati yenu ameisikia?

Lakini kisa kinachonichoma kuliko hivi vyote ni cha mtu ambaye wala hakuwa Mweusi. Mwaka 1937 Alan Lomax alizunguka milima ya Kentucky na mashine ya kunasia sauti, akiikusanyia nyimbo maktaba ya bunge la Marekani. Huko akampata mpiga fidla wa kijijini, Bill Stepp, akamnasa akipiga wimbo wa zamani uitwao Kurudi Nyuma kwa Bonaparte. Wengine waliupiga wimbo ule polepole, kama gwaride la wachovu. Stepp aliupiga kwa kasi, kwa mrukoruko, kama farasi aliyekata kamba. Bi Ruth Crawford Seeger aliisikiliza sahani ile, akaiandika noti kwa noti kwa uangalifu mkubwa, ikatoka kitabuni mwaka 1941. Mwaka uliofuata Aaron Copland alikuwa akitunga muziki wa dansi iitwayo Rodeo. Alifungua kitabu kile, akaichukua fidla ya Stepp karibu yote kama ilivyo, pamoja na mirukoruko yake, akaitwika okestra. Leo hicho ni mojawapo ya vipande vya okestra vya Kimarekani vinavyojulikana kupita vyote. Katika miaka ya 1990 kilitumiwa katika televisheni kutangaza nyama ya ng'ombe. Stepp alikufa mwaka 1957, na watu waliocheza, waliokula nyama na waliopiga makofi hawakuambiwa jina lake. Copland ni mtunzi mkubwa, mimi mwenyewe nampenda. Lakini ile kasi si yake. Ile kasi ni mkono wa mtu.

Sasa nirudi kwenye neno malighafi. Kila mtoto wa shule kwetu alifundishwa habari ya pamba inayotoka hapa ikiwa furushi na kurudi ikiwa shati, na bei yake mara kumi. Kusini mwa Marekani jambo hili halikuwa mfano. Pamba na nyimbo zilitoka shamba moja, kwa mikono na vinywa vya watu walewale, saa zilezile. Pamba ilikwenda Lancashire ikarudi kitambaa. Nyimbo zilikwenda ukumbini zikarudi simfoni. Na katika safari zote mbili bei ilipangwa huko mwisho wa njia, mkulima akiwa hayupo.

Hata hivyo mfano huu nao unadanganya, na hapa ndipo nataka msomaji asimame nami kidogo. Pamba ikitoka shambani ni pamba tu, inahitaji kusokotwa na kufumwa. Nyimbo zile zilitoka shambani zimekwisha fumwa. Mwaka 1871, miaka zaidi ya 20 kabla ya Dvořák, wanafunzi wa chuo cha Weusi cha Fisk, mjini Nashville, walianza kusafiri wakiimba nyimbo za kiroho ili kukiokoa chuo chao kilichokuwa kikifa kwa ukata. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Fedha walizopata zilijenga jengo ambalo bado limesimama. Je, Malkia alikuwa anasikiliza malighafi?

Au tuitazame juba. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, wakaandamana wakipiga ngoma. Mwaka uliofuata sheria ya koloni ile ikawakataza watumwa kuwa na ngoma. Basi watu wakaifanya miili yao kuwa ngoma: viganja, mapaja, kifua, visigino. Mkono mmoja unashika mwendo, mwingine unaukwepa, mguu unajibu. Uchezaji huo ndio juba. Ukijaribu mwenyewe kwa dakika mbili utatambua kwamba hii ni elimu, na kwamba aliyeivumbua hakuwa akimngoja mtu kutoka Bohemia aje kumfanyia kuwa muziki.

Miezi michache baada ya onyesho lile nilimsimulia habari ya mzee na leso yake mama mmoja wa kwaya, katika kanisa la Weusi nililokuwa nikisali kusini mwa mji. Alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akanyamaza, akasema: "Mwanangu, hapa mitaani petu alikaa mwanamke aliyetunga simfoni, tena ikapigwa na okestra kubwa ya mji huu." Kwa kweli sikumwamini. Nilimwona kama mzee anayekuza mambo ya kwao. Jumamosi nilikwenda kwenye duka la santuri nikauliza. Muuzaji alipitisha kidole katika kitabu chake kinene, akatikisa kichwa, akaniuliza kama ningependa Dvořák.

Mama yule alikuwa anasema kweli tupu. Florence Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akasomea muziki Boston, akarudi Kusini kufundisha. Mwaka 1927 Mtu Mweusi aliuawa na kundi la watu mjini Little Rock, na familia ya Price ikahamia Chicago mwaka huo. Mwaka 1932 Simfoni yake ya Kwanza ilishinda tuzo ya Wanamaker, na tarehe 15 Juni 1933 okestra ya Chicago, ikiongozwa na Frederick Stock, iliipiga. Hakuwa ametangulia mwanamke Mweusi mwingine kupigiwa simfoni na okestra kubwa ya nchi ile. Mahali pa sehemu ya tatu, ambapo Wajerumani huweka dansi yao ya kiungwana, yeye aliweka juba, na pamoja na fidla akaandika ngoma za Kiafrika. Zile zilizokatazwa mwaka 1740, msomaji wangu, ziliingia ukumbini kwa mlango wa mbele, kwa mkono wa mjukuu wa waliokatazwa.

Wala hakuwa peke yake. Miaka miwili kabla yake, 1931, simfoni ya William Grant Still ilipigwa Rochester, imejengwa toka msingi mpaka paa juu ya bluzi, na katika sehemu yake ya tatu imo banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika Magharibi na ambacho kilikuwa kimegeuzwa kichekesho cha Wazungu waliojipaka masizi usoni. Still alikuwa mtu wa pande zote: alipiga oboe katika maonyesho ya Weusi, akampangia muziki W. C. Handy, akasoma kwa Mfaransa Edgard Varèse. Mwaka mmoja baada ya Price, Novemba 1934, Leopold Stokowski na okestra ya Philadelphia walipiga simfoni ya William Dawson, mwalimu wa kwaya wa Tuskegee. Dawson alisafiri Afrika Magharibi mwaka 1952, akarudi akaiandika upya simfoni yake kwa kile alichokisikia.

Simfoni tatu katika miaka minne. Alilotabiri Dvořák lilikuwa limetimia, tena kwa mikono ya wenyewe. Ungedhani milango ilifunguliwa. Dawson aliishi mpaka mwaka 1990 na hakutoa simfoni nyingine. Price alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, mwaka 1943, akamweleza waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, uanamke wake na rangi yake, akaomba muziki wake upimwe kwa thamani yake peke yake. Koussevitzky hakuupiga kamwe. Price alikufa mwaka 1953. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba iliyoachwa katika mji mdogo wa St. Anne, Illinois, ambayo zamani aliitumia kupumzikia wakati wa kiangazi, walikuta mti umetoboa paa, na katika upande uliokuwa mkavu wakakuta marundo ya karatasi za muziki. Zimo konseto mbili za fidla. Imo Simfoni ya Nne, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 2018, miaka 65 baada ya mwenyewe kuzikwa. Nasoma watu wakiita jambo hili ugunduzi. Mimi nimemkumbuka muuzaji wa santuri na kidole chake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa muziki hauna mwenyewe, kila mtunzi huazima, na hata Price aliazima umbo la simfoni kutoka kwa Wajerumani. Naam, aliazima. Still naye aliazima, na Copland, na Gershwin, na bibi yangu aliazima nyimbo za kusukia mikeka kutoka kijiji cha pili. Ugomvi wangu si juu ya kuazima. Ugomvi wangu ni kwamba Mzungu akichukua bluzi huitwa mbunifu, na Mweusi akichukua simfoni huambiwa anaiga Ulaya. Yule hutajwa kwa jina lake, na huyu huingizwa katika neno athari. Nitaambiwa pia kwamba hayo ni ya zamani. Okestra ya New York Philharmonic ilianzishwa mwaka 1842, ikamwajiri mpigaji wa kudumu wa kwanza Mweusi, Sanford Allen wa fidla, mwaka 1962. Miaka 120. Na hata leo, katika okestra za Marekani zikichukuliwa kwa jumla, Weusi hawafiki watatu katika kila wapigaji mia. Wamo ndani ya noti, hawamo kwenye viti.

Siandiki haya kama mtakatifu. Kabla ya Chicago nilifundisha katika shule moja ya Usukuma, nchi ya pamba, mimi mtu wa pwani niliyepangiwa huko. Mama mzazi wa mlinzi wetu alikuwa na wimbo wa kulimia ambao sijasikia tena mfano wake. Nilimketisha barazani jioni tatu, nikauandika kwa do-re-mi, nikautia sauti nne, nikaufundisha kwaya ya shule. Tulikwenda kwenye mashindano ya wilaya tukarudi na kikombe. Katika karatasi tuliyowapa waamuzi, mahali palipoandikwa Mtunzi, niliandika jina langu, wala mkono haukutetemeka. Bibi alikuja kutusikiliza, akasimama nje dirishani kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni rasmi. Baadaye aliniambia jambo moja tu: "Mwalimu, mmeimba vizuri. Ila mmekata pale ninapopumulia." Nilidhani hajui muziki. Ilinichukua miaka mingi, mpaka niliposoma habari ya Stepp na kasi ya mkono wake, kutambua kwamba pale alipokuwa akipumua ndipo wimbo ulipokuwa. Nilikuwa nimeukata nikaweka koma ya Kizungu.

Kwa hiyo mzee wa koti zito alikuwa amekaa karibu na mtu aliyefanana naye kuliko alivyodhani.

Mwaka 2023 nilikwenda tena Marekani kumwona binti yangu, katika mji ambao si Chicago, naye akaninunulia tikiti, safari hii viti vya chini, kwa sababu magoti yangu hayapandi tena ngazi. Kwenye kijitabu niliona jina la Florence Price, nikafurahi kama aliyepokea barua. Walimweka mwanzo kabisa. Waliipiga juba peke yake, dakika chache, wakati watu waliochelewa wakiwa bado wanatafuta viti vyao na kuombana radhi. Sehemu nyingine tatu za simfoni hazikupigwa. Nilimnong'oneza binti yangu nikamwuliza kama zimo baadaye. Akaangalia kijitabu, akaniambia hapana, Baba. Baada ya mapumziko ni Dvořák.